Daktari Apitapo Kitandani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imeandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya hospitali. Pengine wako watakaouliza, chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mambo ya wodi? Kazi ya chama si mshahara, na saa za kazi, na nyumba za kukaa? Twajibu hivi: mali ya mfanya kazi ni nguvu zake. Siku nguvu zile zikimwacha hulazwa kitandani, na pale hana mwakilishi wala mkutano. Nguo zake huwekwa kando, hupewa namba ya kitanda, na hungoja. Ikiwa chama humtetea mtu akiwa amesimama, hakina budi kumkumbuka akiwa amelala.

Hatutasema juu ya dawa, maana sisi hatukusomea dawa. Twataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni ile saa ya asubuhi daktari apitapo kitanda kwa kitanda pamoja na wasaidizi wake, na nesi akiwa na mafaili mkononi. Watu wa hospitali huiita raundi. Kwa daktari, raundi ni kazi moja katika kazi zake nyingi za siku. Kwa mgonjwa, raundi ndiyo siku yenyewe. Huamka akiingoja, na ikiisha huanza kuingoja ya kesho. Yale dakika mbili tatu aliyosimamiwa, atayarudia moyoni mwake mpaka usiku: Alisema nini? Mbona alitikisa kichwa? Mbona alimtazama mwenzake?

RAUNDI NI UKAGUZI

Sisi wa reli twaelewa ukaguzi. Mtu wa genge hupewa kipande chake cha njia, naye hukitembea kwa miguu, akitazama mataruma, kokoto na nati. Haitoshi kusema kwamba njia ilikuwa nzuri jana. Mvua ya usiku mmoja yaweza kula udongo chini ya reli. Na wazee wetu wa siku za injini za moshi walipita kando ya mabehewa na nyundo ndefu, wakigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hulia vibaya. Fundi alisikiliza, kwa maana gurudumu lilikuwa likimjibu.

Na raundi ni ukaguzi wa namna hiyo. Daktari hutazama kama homa imeshuka, kama kidonda kinafunga, kama dawa ya jana yafaa au yataka kubadilishwa. Lakini iko tofauti moja kubwa. Gurudumu halina hofu. Halina mke nyumbani wala karo ya watoto. Halijui kwamba linagongwa. Mgonjwa ajua, na ajua pia mahali panapomwuma kuliko mtu mwingine awaye yote. Basi mkaguzi asiyemsikiliza mgonjwa ni sawa na fundi agongaye gurudumu huku ameziba masikio.

Desturi hii si ya jana. Mjini Dameski, katika karne ya 12, ilijengwa hospitali kubwa kwa amri ya Sultani Nur al-Din. Waandishi wa Kiarabu wameeleza jinsi mganga mkuu wa pale alivyokuwa akiwazungukia wagonjwa, watumishi wakimfuata na kuandika aliyoyaamuru juu ya chakula na dawa ya kila mmoja. Akiisha, alikwenda kuketi na wanafunzi wake kuwafundisha. Katika mji wa Leiden huko Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 18, mwalimu Herman Boerhaave aliwafundisha wanafunzi wake mbele ya vitanda 12 tu, 6 vya wanaume na 6 vya wanawake, na sifa yake ikaenea Ulaya nzima. Na huko Marekani, katika Hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889, Daktari William Osler aliwatoa wanafunzi katika vyumba vya masomo akawaleta wodini, wajifunze kwa kuwatazama wagonjwa na kusema nao. Kwa hivyo raundi ina kazi mbili tangu zamani: kumtibu mgonjwa na kufundisha waganga wapya. Kazi zote mbili ni njema. Shida huja pale kazi ya pili inapoimeza ya kwanza, hata mgonjwa akawa kama ubao wa kuandikia mbele ya darasa.

MANENO YANAYOPITA JUU YA KICHWA

Tuwape mfano mmoja. Mwenzetu wa genge aliumia mguu, akalazwa katika hospitali ambayo hatutaitaja jina, maana nia yetu si kugombana na mtu. Asubuhi ya tatu daktari alikuja na wanafunzi wapatao wanane. Walisimama miguuni pa kitanda, wakainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, wakasema Kiingereza kwa dakika chache. Mwenzetu hakuulizwa neno. Katika maneno yote yale alidaka moja tu, "negativu", nalo akalijua kuwa ni neno la ubaya, kwa kuwa shuleni alifundishwa hivyo. Wakapita kwenda kitanda cha pili.

Siku ile hakula. Alipokuja mkewe saa ya kutazama wagonjwa, alimwambia auze ng'ombe kwa kuwa mguu utakatwa. Tulipofika sisi jioni tulimkuta anatafuta viatu vyake atoroke. Tukamwendea sista wa zamu. Yule mama alifungua faili, akacheka kwa upole, akasema kwamba katika lugha ya hospitali neno lile maana yake ni kwamba wametafuta ubaya na hawakuuona. Kipimo kilikuwa kizuri! Mguu ulikuwa unapona.

Tazameni, ndugu. Matibabu yalikuwa sawasawa. Daktari hakukosea dawa, wala hakukosea kusoma picha. Lakini kwa sababu ya neno moja lisilofasiriwa, mgonjwa alilala njaa, ng'ombe ilikuwa karibu kuuzwa kwa bei ya haraka, na mguu uliokuwa ukipona ulikuwa karibu kukanyagishwa barabarani usiku.

Wako watu wanaosema kwamba kuridhika kwa mgonjwa ni anasa, kama vile shuka laini. Wanasema, kinachotakiwa ni kupona; mengine ni ya hoteli. Twawaambia kwamba wamechanganya mambo mawili. Ni kweli daktari mwenye maneno matamu aweza kuwa hajui kazi, na daktari mkali aweza kuwa bingwa. Kuridhika si kipimo cha ubingwa. Lakini mgonjwa asiyeelewa hunywa dawa nusu akaacha. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa haambii kwamba alitumia miti shamba, wala kwamba mkojo una damu. Wazee wamesema mficha maradhi kifo humwumbua. Na mara nyingi mtu huficha kwa sababu hakuna aliyemwuliza kwa namna ya kumfungua kinywa.

MAMBO YALIYOPIMWA

Haya si maneno yetu tu. Wenye elimu wameyapima.

Mwaka 1997 madaktari wa Johns Hopkins walitoa habari za jaribio walilolifanya juu ya raundi. Wagonjwa wengine habari zao zilisemwa mbele yao, pale kitandani. Wengine habari zao zilisemwa katika chumba cha mkutano, kisha daktari akaja. Wale waliosemewa kitandani waliona kwamba daktari alikaa nao dakika 10 hivi, na wale wengine waliona dakika 6. Tena wale wa kwanza waliyaona matunzo yao kuwa mema zaidi. Wengi wetu tungedhani mgonjwa hapendi kusemwa mbele ya uso wake. Kumbe apenda, mradi asemwe kwa heshima na afasiriwe maneno magumu.

Mwaka 2012, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas huko Marekani, walitazama wagonjwa 120 waliopasuliwa mgongo. Mpasuaji alikwenda kwa wengine akasimama, na kwa wengine akavuta kiti akaketi. Aliposimama, alikaa kwa wastani dakika 1 na sekunde 28. Alipoketi, alikaa dakika 1 na sekunde 4 tu. Lakini wagonjwa walipoulizwa, wale waliosimamiwa walidhani ni kama dakika 4 kasoro, na wale walioketiwa walidhani imepita dakika 5. Yaani aliyeketi alitumia saa chache zaidi, akaonekana kutoa nyingi zaidi. Mtu aliyesimama huonekana yu njiani. Aliyeketi huonekana amefika.

Tena mwisho wa mwaka 2023 ilichapishwa habari ya hospitali moja ya jimbo la Texas. Hawakuwaambia madaktari wafanye nini. Waliweka tu kiti karibu na kitanda katika vyumba vingine, na vyumba vingine wakaacha kiti mahali pake pa kawaida. Palipokuwa na kiti karibu, madaktari waliketi mara 38 katika 60. Pasipokuwa nacho, waliketi mara 5 tu katika 65. Muda waliokaa chumbani haukuzidi, na kuridhika kwa wagonjwa kulipanda. Basi jueni kwamba si kila daktari anayesimama ana kiburi. Wengine wanasimama kwa sababu hakuna pa kuketi.

Na manesi kadhalika. Mwaka 2006 huko Marekani ilitolewa habari ya wodi 27 za hospitali 14, ambamo manesi walipangiwa kuwapitia wagonjwa kila saa moja au kila saa mbili, na kuwauliza juu ya maumivu, haja ya kwenda choo, na namna walivyolala. Kengele za kuwaita manesi zilipungua, wagonjwa wakaridhika zaidi, na pale walipopitiwa kila saa, hata kuanguka kulipungua. Twaelewa sababu. Mtu akijua kwa yakini kwamba gari la saa nne litafika saa nne, hana haja ya kumsumbua stesheni masta kila dakika. Anayesumbua ni yule asiyejua kama gari liko.

Huko Uingereza, mwaka huo huo wa 2012, chuo cha madaktari na chuo cha manesi viliandika shauri moja pamoja, kwamba raundi ni kazi kubwa isiyofaa kufanywa kwa haraka haraka, na kwamba nesi awepo kila daktari anapomtazama mgonjwa kitandani. Jambo hili la nesi ni la maana sana. Daktari huondoka, nesi hubaki. Ndiye atakayeulizwa saa nane za usiku, "Sista, daktari alisema nini?" Ikiwa hakuwapo, atajibu nini?

TUSIMTUPIE DAKTARI MZIGO WOTE

Ndugu, sasa twataka kusema neno kama wafanya kazi kwa wafanya kazi wenzetu. Ni rahisi kulaumu. Lakini fanyeni hesabu. Daktari mmoja akiwa na wagonjwa 40, na saa mbili kabla ya kuitwa kwingine, kila mgonjwa ana dakika 3. Katika dakika 3 hizo asome faili, apime, aamue, aandike, na kusema. Katika hospitali zetu nyingi za serikali wagonjwa ni wengi kuliko waganga, na mara nyingine hata kuliko vitanda. Raundi kubwa ya daktari bingwa huja mara moja au mbili kwa juma, na siku nyingine wodi huendeshwa na vijana ambao hawakulala usiku.

Mwakumbuka mgomo wa madaktari wa serikali ulioanza Desemba 1916? La, siyo siku za babu zetu: ni Desemba mwaka 2016, ukaisha Machi 2017 baada ya siku 100. Watu wengi waliteseka. Lakini katika madai yao hakukuwa na mshahara peke yake. Walitaka pia waganga waajiriwe zaidi na vyombo viwepo. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya serikali za kaunti, na mtu wa genge hawezi kutunza njia ya maili nyingi peke yake, hata akiwa na bidii ya namna gani. Kwa hiyo tunapodai raundi njema, twadai pia waganga na manesi wa kutosha. Madai hayo mawili ni dai moja.

Walakini, yako mambo yasiyotaka fedha. Kusema "Habari za asubuhi, mzee" hakutaki fedha. Kumwita mtu kwa jina lake, si "ini la kitanda cha 14", hakutaki fedha. Kuvuta pazia kabla ya kumfunua mama mbele ya wanafunzi hakutaki fedha. Kumwomba ruhusa kabla wanafunzi wanane hawajamgusa tumbo hakutaki fedha. Wala kumwambia mwisho, kwa Kiswahili chepesi, "Leo tumeona hivi, tutafanya hivi, kesho tutatazama tena."

Tena hii si hisani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mtoaji wa matibabu amweleze mgonjwa hali yake, na njia za matibabu zilizopo, na faida na hatari zake na gharama, na kwa lugha anayoielewa. Basi mwenzetu wa genge alipofasiriwa lile neno na sista, hakupewa zawadi. Alipewa kilicho chake, ila kilichelewa kutwa nzima.

TUFANYE NINI

Kwanza, mgonjwa mwenyewe. Usingoje raundi kwa mikono mitupu. Usiku uliotangulia, tengeneza maswali yako matatu: Naumwa nini? Leo nitafanyiwa nini? Nikitoka, nifanye nini na nisifanye nini? Yaandike kwenye kipande cha karatasi; kama hujui kuandika, mwombe jirani wa kitanda. Daktari akifika, sema mapema, kabla hajageuka kwenda. Akisema neno usilolielewa, sema, "Daktari, nifasirie neno hilo." Kuuliza si ujinga. Nawe umwambie kweli yote, hata ile ya aibu.

Pili, jamaa. Mara nyingi wakati wa raundi jamaa hutolewa nje, na ni haki, maana wodi ni ndogo. Lakini kwa mgonjwa aliyezidiwa, au mzee asiyejua ila lugha ya kwao, ombeni kwa adabu mtu mmoja abaki awe mkalimani. Ikikataliwa, mwulizeni sista saa ya kusema na daktari baada ya raundi. Mtu mmoja ateuliwe kuuliza kwa ajili ya jamaa wote. Wakiuliza kumi, kila mmoja atarudi na habari yake, na mgonjwa atasikia kumi.

Tatu, sisi wa chama. Twaleta mashauri mawili mbele ya mkutano huu.

Shauri la kwanza: tawi lichague watu wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, wa kuwatembelea wanachama waliolazwa. Kazi yao isiwe kupeleka ndizi na sabuni tu. Wamwulize mwanachama, "Je, waelewa unavyotibiwa?" Akisema hapana, wamsaidie kutengeneza maswali yake, na ikibidi waende kwa sista kwa heshima. Wasiende kugombana, wala wasidai kusoma faili la mtu bila yeye kutaka. Siri ya mgonjwa ni yake.

Shauri la pili: katika karakana yetu wako mafundi seremala hodari, na vipande vya mbao vinavyobaki ni vingi. Tuombe ruhusa kwa wakubwa wa kazi, tutengeneze stuli ndogo, nyepesi, zinazoweza kusukumwa chini ya kitanda na kuoshwa kwa maji na dawa. Tuanze na kumi na mbili, kwa wodi moja ya wanaume na moja ya wanawake katika hospitali iliyo karibu nasi, tukisha kukubaliana na matroni. Mtasema ni kitu kidogo. Ni kidogo kweli, na ndiyo sababu hatuna udhuru wa kutokukifanya. Waganga zaidi tutawadai kwa serikali ya kaunti, na dai lile laweza kuchukua miaka. Stuli yaweza kuwa wodini kabla ya mwisho wa mwezi.

Bwana Mwenyekiti, twaomba mashauri haya yajadiliwe leo, na karani ayaandike kitabuni pamoja na majina ya watakaochaguliwa. Mafundi walio tayari kutoa Jumamosi zao mbili wabaki baada ya mkutano, wapime urefu wa stuli.